Ukitaka Kisukuma, hamia kwenye kaya

Mwalimu aliyepangiwa Binza akitokea Mtwara, muuguzi aliyetoka Arusha, mwanafunzi wa chuo anayekusanya habari za utafiti: wengi wao hufika Simiyu wakiamini Kiswahili kitawatosha. Kwa nauli na vocha kinatosha. Bibi akifika zahanati na kueleza maumivu yake kwa Kisukuma kitupu, hakitoshi hata kidogo. Dawa ya hilo ni kuhamia nyumbani kwa watu kwa miezi miwili mitatu, ule wanachokula na uamke wanapoamka. Mapadre wa Maryknoll waliotoka Marekani walilifahamu hili zamani. Padre Donald Sybertz aliishi miaka mingi na Wasukuma akikusanya methali na hadithi pamoja na wanakijiji, na mwaka 1996 yeye na mwenzake Joseph Healey walitoa kitabu kilichojengwa juu ya hazina hiyo.

Uchaguzi wa nyumba ndio nusu ya kazi. Wageni wengi hutafuta kaya yenye umeme, kitanda kizuri na baba aliyesoma. Mimi nakushauri utafute yenye bibi na watoto ambao hawajaanza shule. Hao hawatakubadilishia lugha. Baba aliyesoma, mama mwenye duka na kijana wa sekondari watahamia Kiswahili mara tu wakikuona umekwama, na watafanya hivyo kwa ukarimu, maana si adabu kumwacha mgeni akitaabika. Ukarimu huo ndio utakaokurudisha kwenu ukiwa na maneno kumi. Kwa hiyo zungumza nao siku ya kwanza, mbele ya wote: kuanzia jioni watoto wakirudi hadi kulala, mtu asikusemeshe Kiswahili, hata ukikosea na hata ukikaa kimya. Muda wa mchana waachie huru, kwa sababu nao wanachoka.

Suala la fedha lizungumzwe mapema, na lizungumzwe na baba na mama wote wawili. Kaya nyingi zitaona aibu kukutajia bei kama nyumba ya wageni. Usiichukulie aibu hiyo kuwa ni ruhusa ya kula bure. Taja mwenyewe kiasi cha mwezi, kisha juu yake uwe unarudi na sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula bila kuagizwa. Kama kuna chakula usichoweza kula, kiseme siku hiyohiyo. Kukisukuma pembeni chakula kilichokwisha kupakuliwa kunaumiza kuliko kukikataa mapema. Na kabla hata hujafungua begi, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji ukajitambulishe.

Salamu usizifupishe. Asubuhi ni mwangaluka, mchana na jioni ni mwadila, halafu hufuata maswali ya hali, ya nyumbani na ya safari, na jibu lake ni mhola. Hiyo mh hutamkwa kwa kupumua puani bila kuunguruma kooni, na mgeni huhitaji kuirudia mara nyingi mbele ya mtu mwenye subira. Irabu nazo ni saba, si tano kama za Kiswahili, ndiyo maana maneno mawili yanayofanana masikioni mwako ni tofauti kabisa kwa bibi. Mwombe akutamkie yote mawili, moja baada ya jingine. Ukimsalimia mkubwa, simama, vua kofia, na kama wewe ni mwanamke piga goti kidogo kama unavyowaona mabinti wa kaya wakifanya. Kitu mpe kwa mikono miwili, na ukipewa, sema wabeja.

Baada ya hapo omba kazi, usiombe somo. Mtu akiketishwa akufundishe atakutajia majina ya wanyama mpaka jua lizame, na hutajifunza namna ya kusema "sogeza," "ongeza" au "bado kidogo." Chukua mfano wa viazi vitamu. Vya michembe humenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi vikauke. Vya matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Ukikaa na kisu kando ya mama asubuhi nzima, utaambiwa unakata vinene mno, geuza vile, fukuza kuku, leta beseni, mawingu hayo, anua haraka. Maneno hayo yatarudi kesho na keshokutwa, kila moja likiwa na kitendo chake, na hutahitaji daftari kuyakumbuka. Daftari ni la usiku: andika matano uliyoyasikia mara nyingi, basi.

Angalia na msimu. Kuanzia Novemba mvua zikishika watu wako shambani tangu alfajiri kupanda pamba na mahindi, na kuanzia Mei wanachuma pamba. Ukija wakati huo, njoo na nguo za shamba. Kati ya Juni na Agosti, mavuno yakishaingia ndani, watu wana nafasi ya mazungumzo, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Kama wewe ni mwanamume na kaya yako bado inakoka shikome, moto wa jioni ambako wazee na vijana huketi, kaa hapo usikilize hata kama huelewi. Idadi ya ng'ombe wa mwenye nyumba usiiulize.

Kuna siku utachoka. Kichwa kitauma kwa kusikiliza, utakumbuka kwenu, utataka mlango na ukimya. Hali hiyo ni ya kawaida, lakini ukijifungia chumbani bila kusema, nyumba nzima itadhani unaumwa au umeudhika, na mama hatalala. Mwambie tu, "Leo nimechoka, nataka kupumzika." Au nenda mnadani ukazunguke peke yako, urudi na nyama. Ukiwa na kinyongo cha kweli, kuhusu fedha au maneno uliyoambiwa, usikipeleke kwa jirani. Kipeleke kwa mzee wa kaya jioni, mkiwa wawili.

Na muda wako ukiisha usiondoke kimya kwa basi la alfajiri. Aga siku mbili kabla, zungukia majirani, na ukishafika uendako piga simu, uwasalimie wote kwa Kisukuma ulichopewa. Wakikupigia kwamba kuna msiba au harusi, nenda.