SOMO: HOFU NA UVUMI WAKATI WA KUFUNGIWA KWA AJILI YA UGONJWA



Unakumbuka mwaka 2020. Tarehe 21 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alithibitishwa hapa Uganda. Tarehe 30 Machi ikatangazwa amri ya kubaki nyumbani kwa siku 14, nayo ikaongezwa tena. Magari ya abiria yalisimama, shule zilifungwa, na kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi haikuruhusiwa kutembea. Mwaka 2022, Ebola ilipozuka, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Magonjwa ya namna hii yanaweza kurudi. Somo hili linahusu ulinzi wa akili wakati mwili umezuiwa nyumbani.

1. Hofu si wazimu

Mtu aliyefungiwa anaweza kukosa usingizi, kuumwa kichwa, kusikia moyo ukienda mbio, au kuwakasirikia watoto bila sababu kubwa. Aliyekwisha kukimbia vita huumia zaidi, kwa kuwa njia zikifungwa anakumbuka siku zile. Hujarogwa, wala hujapoteza akili. Mwili unakuonya kuna hatari.

2. Hofu ina njaa ya habari

Mwenye hofu hutafuta habari. Asipopata ya kweli, atameza yoyote.

Wengi wenu mlitoka Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2,287. Watu wa huko walikuwa wameuawa kwa miaka mingi kwa risasi na mapanga bila kuona msaada mkubwa. Sasa magari mengi yakafika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Uvumi ukaenea kwamba ugonjwa umetungwa kwa ajili ya siasa na fedha.

Walioamini hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na maswali ya haki yasiyojibiwa. Lakini virusi havingoji majibu. Mgonjwa aliyefichwa nyumbani aliwaambukiza waliomwosha na kumlisha. Na dawa zilikuwepo: mwaka 2019, majaribio yaliyofanyika huko huko Kongo yalionyesha kwamba kwa dawa mbili mpya, wengi wa waliofika mapema kwenye matibabu walipona. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

3. Maswali manne kabla ya kupitisha habari

Wazee husema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakati wa ugonjwa usiutegemee msemo huo. Jiulize:

(a) Nani aliona kwa macho yake? "Watu wanasema" si jibu.
(b) Je, inanitaka niwachukie watu fulani, au ninunue kitu?
(c) Naweza kumwuliza nani anayejua? Mhudumu wa afya wa kijiji, muuguzi wa zahanati, kiongozi wa kijiji.
(d) Nikiipitisha nayo ni ya uongo, nani ataumia?

Ukikosa jibu, ihifadhi mdomoni. Hata sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwenye simu ni mdomo wa mtu tu.

4. Mfano

Tuseme jirani anakuja na kusema: "Mama, wamepunguza chakula ili tufe na korona."

Usimcheke, wala usimfukuze. Mjibu hivi: "Ni kweli chakula kimepungua, hata mimi nimeumia. Lakini sababu hiyo umeipata kwa nani? Twende tumwulize kiongozi."

Ukweli ni huu: Aprili 2020 mgao wa chakula wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Ni habari chungu. Lakini aliyeijua aliweza kupanga matumizi ya nyumba yake. Aliyemeza uvumi alibaki na hofu tu.

Vivyo hivyo, pombe kali haiui virusi vya korona mwilini, na jua kali halimkingi mtu asiambukizwe. Aliyeamini hayo aliacha kunawa mikono na kukaa mbali na wengine.

5. Mambo ya kufanya kila siku

Katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Baadhi yao walifundishwa kwa vikao vitano, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, namna ya kukabili mawazo mazito. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata vikao hivyo. Zoezi mojawapo ni hili:

- Kaa chini. Tambua kwamba una hofu, usishindane nayo.
- Kandamiza nyayo ardhini polepole. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi.
- Angalia vitu vitano vilivyo karibu nawe. Sikiliza sauti tatu.
- Rudi kwenye kazi iliyo mkononi.

Hofu haitaondoka yote, ila haitakuburuta. Ongeza na haya:

- Chagua saa moja ya kusikiliza habari za redio. Baada ya hapo, izime.
- Panga siku: saa ya maji, ya bustani, ya kupika, ya sala kwa anayesali.
- Msalimie jirani kwa mbali, hasa mzee au mtu anayeishi peke yake.
- Waeleze watoto kwa maneno machache ya kweli. Usiwatishe kwa ugonjwa ili watii.

6. Wakati wa kutafuta msaada

Mtu asiyelala siku nyingi, asiyekula, anayelewa kila siku, au anayesema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Mwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Amri ya kubaki nyumbani haimzuii mgonjwa kutafuta matibabu. Kama njia imefungwa, mwombe kiongozi wa kijiji akusaidie kufika.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni uvumi gani uliwahi kuusikia wakati wa korona? Ulitoka wapi?
2. Katika kijiji chako, ni nani unayeweza kumwuliza ukweli bila woga?
3. Nani karibu nawe anaishi peke yake?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine karatasi hii.