Kukata nakata, kumaliza ndiyo mtihani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Ngamiani, Tanga. Kazi naijua na wateja ninao. Tatizo langu ni kumaliza. Ninapoandika barua hii nina mifuko kumi na tisa ya nguo za watu: nyingine zinangoja zipu, nyingine pindo, na kuna gauni la bitana halina mikono tangu kabla ya Ramadhani. Juu ya hizo nina vitenge sita vya sare ya harusi ya mwezi ujao, nimevikata tu. Mteja mpya akija na kitambaa na nusu ya pesa, napokea na kukata siku hiyohiyo, maana kukata nakupenda. Baada ya hapo mkono unakuwa mzito.

Si nguo tu. Kozi ya kompyuta niliiacha katikati. Khitma ya Ramadhani, yaani kusoma msahafu wote, kila mwaka naianza vizuri, naishia njiani. Niliona kwenye simu kwamba ukifanya jambo siku 21 linakuwa tabia, nikaandika ratiba ukutani, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Haikufika hata Ijumaa. Mume wangu anasema mimi ni mvivu. Wateja wananipigia simu kwa hasira, siku hizi sizipokei. Nifanyeje?

Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Kwanza tuuondoe huo uvivu njiani. Mvivu hakati gauni la bitana siku hiyohiyo aliyoletewa kitambaa. Mumeo anaona mifuko imejaa chumbani, basi ametafuta jina la karibu. Mimi nimeisoma barua yako mara kadhaa na naona jambo jingine: zipu, pindo, mikono. Nguo zako zimekwama karibu mahali pamoja, pale ambapo raha ya kuumba imekwisha na imebaki kazi ya subira, ile ambayo mteja ataikagua amesimama mbele ya kioo. Zipu ikikaa upande unafumua. Mkono ukivuta kwapani unafumua. Ndipo mkono wako unapokuwa mzito, na sidhani ni kwa kuchoka. Unaogopa kidogo kuambiwa haikukaa vizuri, na nguo isiyokwisha haiwezi kuambiwa hivyo.

Halafu kuna pesa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Unachukua nusu mwanzoni. Nusu hiyo inaliwa siku hiyohiyo: unga, nauli, ada. Baada ya hapo nguo inakudai kazi yake ngumu kwa nusu iliyobaki, na wakati huohuo mteja mwingine amesimama barazani ana nusu nyingine mkononi, bila wewe kupiga hata mshono mmoja. Mama yeyote mwenye watoto wa kulisha angeshika mkasi. Hivyo malipo yako yanakusukuma kuanza, hayakusukumi kumaliza. Yabadilishe. Mwanzoni chukua ya kutosha uzi, zipu na bitana, na kidogo juu yake. Fungu kubwa lilipwe nguo inapochukuliwa. Wiki za mwanzo zitauma, kwa hiyo mweleze mumeo mapema. Na ujiwekee sharti: nguo moja ikiondoka, moja inakatwa. Atakayekuja katikati mpe tarehe ya kurudi, na kitambaa aondoke nacho.

Sasa hiyo ratiba ya ukutani. Ibandue. Ulitaka kubadilisha siku nzima kwa mkupuo, tena ukajipa siku 21. Hesabu hiyo ina historia yake. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Maneno hayo yalipopita midomo mingi, lile "angalau" likadondoka, na kuzoea sura kukageuka kuwa kujenga tabia yoyote. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Matokeo yalipotoka mwaka 2009, ilionekana kwamba kwa mtu wa kati jambo lilichukua siku 66 hivi hadi likawa linakuja lenyewe. Kuna aliyechukua 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Basi uliposhindwa kabla ya Ijumaa hukuwa umeshindwa kitu. Ulikuwa hujaanza.

Utafiti huohuo una jambo ninalolipenda zaidi ya hizo hesabu: kukosa siku moja hakukuharibu. Waliokosa siku moja wakaendelea kesho yake, tabia ilijengeka vilevile. Nalisema hili kwa sababu ya khitma yako. Huenda unakatikia kwenye siku zako za udhuru: unaweka msahafu, unarudi ukiwa nyuma kwa juzuu kadhaa, unaona haya, unaacha kabisa. Hukuwa na sababu ya kuacha. Ungeendelea pale ulipofikia, hata kama ungemaliza katikati ya Shawwal.

Na khitma yenyewe inatufundisha namna. Wengi wanaoimaliza hufuata njia ya kusoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi. Swala tano ni kurasa ishirini, siku thelathini ni kurasa 600, na msahafu wa Madina tunaoutumia wengi una kurasa 604. Hakuna anayejiuliza leo nisome saa ngapi, kwa maana swala ipo tayari na kurasa zimefungwa kwayo. Wanasaikolojia wamelipima jambo la namna hiyo. Mjerumani Peter Gollwitzer na mwenzake Veronika Brandstätter waliandika mwaka 1997 kuhusu wanafunzi walioombwa kuandika jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi na kuituma karatasi ndani ya siku mbili. Walioambiwa wataje kabisa saa na mahali watakapoandikia, asilimia 71 walituma. Wasioambiwa kutaja walikuwa asilimia 32. Hapo hakuna aliyeongezewa bidii. Walitaja saa na mahali, basi.

Kwa hiyo chagua kitu ambacho tayari unakifanya bila kukumbushwa. Kama una mtoto wa shule, mimi ningechagua dakika ile anapotoka kwenda shule, kabla hujaweka mkeka barazani na wateja hawajaanza kupita. Sema hivi, kwa sauti ikibidi: mtoto akishatoka mlangoni, nakaa kwenye cherehani na kushona nguo iliyo juu yake. Nguo moja, nusu saa. Simu ibaki chumbani. Mumeo akitaka kusaidia, msaada ni huu: katika nusu saa hiyo asikutume kitu.

Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika usiku. Kabla ya kulala, toa nguo ya kesho kwenye mfuko, iweke juu ya cherehani, na uzi wa rangi yake uutunge kabisa kwenye sindano, bobini ijae. Fundi yeyote anajua asubuhi ngapi zimepotea kwa kutafuta uzi wa rangi. Ukikuta umeshatungwa, mguu unakwenda wenyewe kwenye pedali.

Kesho, na hii ni kazi ya siku moja tu, fungua mifuko yote kumi na tisa na kila mmoja uubanie karatasi kwa pini: jina, kilichobaki, pesa inayodaiwa. Utashangaa. Yenye kuhitaji pindo na pasi tu itakuwa mingi kuliko unavyodhani. Anza na hiyo, hata kama gauni la bitana ndilo linalokunyima usingizi, kwa sababu nguo ikiondoka nyumbani inaleta pesa na inapunguza simu. Gauni la bitana liingie likibaki peke yake na kazi mbili tatu, nalo uligawe: leo mkono wa kulia, kesho wa kushoto.

Wateja wapigie wewe, wawili kila jioni, na useme tarehe utakayoiweza kwa nusu saa ya asubuhi, siyo ile itakayowafurahisha. Watakaogomba ni haki yao. Anayetaka kitambaa chake mrudishie na pesa yake, hata kwa mafungu.

Kuna swali ambalo barua yako haikulijibu. Hali hii ulikuwa nayo tangu utoto, madaftari yasiyokwisha, chungu kuungua jikoni huku umekaa palepale, vitu kupotea kila siku? Au imekuja karibuni, pamoja na kukosa usingizi na kutoona raha hata kwa vile ulivyovipenda? Ya kwanza inaweza kuwa tatizo la umakini ambalo madaktari wanaliita ADHD, na watu wazima wanalo pia. Ya pili inaweza kuwa sonona. Zote zina tiba, na nusu saa ya asubuhi peke yake haizitoshi. Ukijiona katika mojawapo, nenda hospitali ya Bombo, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na uulize huduma ya afya ya akili.

Sare za harusi zisingoje utaratibu huu, muda wake hauruhusu. Vitenge vitatu vipeleke leo kwa fundi mwenzako unayemwamini, mlipe bei yake kamili hata kama kwako haitabaki faida. Vitatu shona mwenyewe mchana. Na mwenye shughuli mpigie jioni hii, umwambie umegawa kazi na ni nani anayeshona, kabla hajasikia kwa mwingine.