KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA: SOMO LA MUZIKI

Leo tusome muziki. Kuna albamu zinazorekodiwa studioni, ambako mpigaji akikosea hufuta na kurudia. Nyingine hurekodiwa jukwaani mbele ya watu. Huko likitoka limetoka! Mfano wetu ni Live in San Francisco, albamu iliyotolewa mwaka 2018.

Tuanze na historia. Mwaka 1971, Mwingereza John McLaughlin, mpiga gitaa, aliunda bendi ya Mahavishnu Orchestra. Wenzake walitoka Panama, Ireland, Chekoslovakia na Marekani. Walichanganya jazi, ambamo mpigaji hubuni papo hapo, na roki yenye kishindo cha magitaa ya umeme. Mapigo yao, jamani, si mchezo! Nyimbo nyingi tunazocheza huhesabiwa nne nne, lakini "Birds of Fire" yao ina mapigo 18.

Hata hivyo, ufundi peke yake hautoshi. Mwaka 1973 walirekodi albamu studioni kule London, wakagombana, na kazi hiyo ikafichwa hadi 1999. Badala yake wakatoa albamu waliyoirekodi jukwaani Central Park, New York. Mwaka ulipokwisha, kundi hilo la kwanza lilikuwa limevunjika.

Miaka ikapita. Desemba 2017, McLaughlin akiwa na umri wa miaka 75, tena akisumbuliwa na baridi yabisi mkononi, alipanda jukwaani San Francisco katika ziara ya kuwaaga mashabiki wa Marekani. Muziki ulikuwa ule ule wa zamani, ila sasa makundi mawili yaliungana: lake, lenye mpiga besi Étienne Mbappé wa Cameroon na mpiga ngoma Ranjit Barot wa India, na lile la Mmarekani Jimmy Herring. Magitaa mawili, besi mbili, ngoma mbili! Hapo kila mtu akitaka asikike yeye tu, inakuwa kelele tupu. Lakini wapi! Mmoja akipiga, wengine humpisha na kumshikilia.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, uzee si mwisho wa kazi. Pili, kwenye bendi, kwaya au hata timu yetu ya mjadala, anayejua kusikiliza ana thamani sawa na anayejua kupiga.

Msamiati
Baridi yabisi – ugonjwa wa maumivu ya viungo.
Kubuni – kutunga jambo jipya.

Maswali
1. Albamu ya studioni na ya jukwaani zinatofautianaje?
2. Eleza jinsi methali iliyo kichwani inavyohusiana na makala haya.