Mlango wa Pili wa Sadaka Yenu



Kila nyumba iliyokaa miaka kadhaa ina kona ya vitu visivyotumika: kitanda cha mtoto, godoro la kijana aliyehama kwenda kazini, sufuria zilizopandishwa juu ya kabati, blanketi, unifomu zilizokuwa ndogo. Kwaresima inapofika, au Krismasi inapokaribia, wengi wetu huamua kuvitoa. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba sadaka hupita milango miwili. Wa kwanza ni wetu. Wa pili ni wa yule tunayemkabidhi vitu avigawe. Mlango huo wa pili ukimfukuza mtu mwenye shida, amefukuzwa na kitu chetu pia.

Kwanza, kubalianeni nyumbani

Mama anatoa koti kuukuu la Baba bila kumwuliza. Baba anampelekea ndugu yake kitanda, na Mama anakuja kujua jioni. Kila mmoja ametoa kwa moyo mzuri, na kila mmoja amemkosea mwenzake. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inavihesabu vyombo vya nyumba ya ndoa kuwa mali ya ndoa. Sisi tulioahidiana mbele ya altare tungepaswa kulijua hilo bila kuambiwa na sheria.

Kaeni pamoja, mpange mafungu matatu: vitu vya kubaki, vya jamaa, na vya maskini msiowajua. Kuwasaidia jamaa ni wajibu. Lakini wakipewa jamaa wa upande mmoja tu kila mwaka, mnapanda mbegu ya ugomvi. Watoto nao waulizwe juu ya vitu vyao, wasije wakaona kutoa ni kunyang'anywa.

Kanisa la mwanzo lilipata shida hiyo hiyo

Someni pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 6, aya ya 1 hadi 6. Katika Kanisa la Yerusalemu, wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawiwa kila siku. Waliotoa walitoa vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye kugawa. Mitume hawakuwaambia walalamishi wanyamaze. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo na wenzao, yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kazi ya kugawa ilipewa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa.

Hapa kwetu somo hili lina uzito. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Eldoret. Aliyekimbia bila hata blanketi hana haja ya kuulizwa anatoka kabila gani. Na shida ya namna hiyo haingoji uchaguzi. Yuko msichana aliyezaa kabla ya ndoa, ambaye huogopa kusogea penye kugawa kwa sababu ya maneno atakayosikia. Yuko jirani Mwislamu anayedhani vitu vya parokia si vyake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukabidhi

1. Ni nani waliopokea mara ya mwisho? Wagawaji wazuri hujibu bila kukasirika. Wakiwa wote ni wa kabila moja, dini moja au ukoo mmoja, ulizeni sababu.

2. Ni nani wanaokaa kwenye kamati? Kumbukeni wale saba.

3. Je, mtu anawekewa sharti la kusali nao au kubadili dini? Papa Benedikto wa 16, katika barua yake Deus Caritas Est ya mwaka 2005, alifundisha kwamba matendo ya upendo yasitumiwe kama njia ya kuwavuta watu waingie dini.

4. Asiyeweza kutembea anafikiwaje? Bibi kizee hawezi kubeba godoro, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Kama vitu havipelekwi nyumbani kwao, hao wameachwa nje bila mtu kusema neno.

5. Je, vitu vinagawiwa au vinauzwa? Kuuza ili kulipia dawa au karo si vibaya, mradi mwambiwe waziwazi.

Msichanganye mambo mawili

Kuchagua aina ya shida si ubaguzi. Huko Kasarani, Nairobi, Masista Wadogo wa Maskini wanatunza wazee. Hakuna anayewalaumu kwa kutopokea vijana. Ubaguzi ni kumkataa mzee kwa sababu ya kabila au dini yake.

Wengine watasema Mtakatifu Paulo, katika Wagalatia 6:10, ametuagiza tuwafikirie hasa ndugu wa imani. Ni kweli. Lakini aya hiyo hiyo inaanza kwa kutaja watu wote. Kuanza na jirani wa jumuiya si kufunga mlango baada yake. Msamaria wa Luka 10 hakumwuliza yule majeruhi dini yake.

Pa kuanzia

Ulizeni kama parokia yenu ina Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam pamoja na wenzake. Wanachama wake huwatembelea maskini nyumbani. Ulizeni pia Caritas ya jimbo. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada, Caritas Internationalis ikiwemo, yalikubaliana kwamba msaada utolewe kwa kipimo cha shida, bila kujali rangi, imani wala taifa la anayepokea. Mnayo haki ya kuuliza kama kanuni hiyo inafuatwa kwenu pia.

Toeni vitu vizima. Nguo zifuliwe, godoro lianikwe juani na kukaguliwa kunguni, jiko la gesi lenye mpira uliochakaa lisitolewe kabla ya kutengenezwa. Nabii Malaki, sura ya 1, aliwakemea waliomtolea Mungu mnyama kipofu na kiwete. Maskini asifanywe shimo la takataka zetu.

Ya kujadiliana wawili

Je, vitu tulivyotoa mwaka jana vilimfikia nani? Ni mtu gani katika mtaa wetu ambaye hangethubutu kuja kupokea, na anaogopa nini? Nani kati yetu wawili atakwenda kuuliza maswali yale matano kabla ya Jumapili ijayo?

Mungu azibariki nyumba zenu.