Somo la Kwanza kwa Mtumishi Mpya wa Hospitali

Mtu aajiriwapo hospitalini, awe muuguzi, karani, dobi au mfagizi, yafaa afundishwe njia za kazi kabla ya kuingia wodini. Wako wadhanio kuwa mafunzo hayo ni ya wauguzi peke yao. Sivyo. Sindano iliyotupwa ovyo haiulizi cheo, nayo huweza kumchoma mfagizi ambaye hakuitumia.

Jambo la kwanza ni mikono. Mwaka 1847, katika hospitali moja mjini Vienna, Dr. Ignaz Semmelweis aliona kuwa madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha. Akaamuru wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 hivi katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa wapatao 2 tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitaja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi itakayo usafi kamili, kama kufunga kidonda, baada ya hatari ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kunawa kwa sabuni na maji, tangu kulowesha hata kukausha, huchukua sekunde 40 hadi 60.

Jambo la pili ni vitu vyenye ncha. Sindano iliyokwisha kutumika isirudishiwe kifuniko, bali itiwe mara moja katika sanduku lake gumu, nalo lifungwe lijaapo robo tatu. Tena mtumishi apate chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, kwa maana ugonjwa huo huambukizwa kwa sindano kwa wepesi kuliko UKIMWI.

Jambo la tatu ndilo gumu: kusema. Aliyechomwa aoshe mahali pale kwa sabuni na maji, asipabinye, kisha amwarifu mkuu wake saa ile ile. Dawa za kuzuia UKIMWI zapaswa kuanzwa upesi, zisipite saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Lakini mgeni kazini huogopa kuitwa mzembe, akanyamaza hata muda ukapita. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa hiyo ni wajibu wa mkuu kumwambia mgeni, siku ya kwanza, kuwa hataadhibiwa kwa kutoa habari.

Basi, jua la siku hiyo lisitue kabla mtumishi mpya hajaonyeshwa mambo matatu: maji na sabuni viko wapi, sanduku la sindano liko wapi, na akipatwa na ajali amwendee nani, mchana na usiku.