Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Kubadili Ekseli za Nyuma za Land Rover 109

Pikapu za Land Rover 109 ambazo bado zinabeba mpunga kutoka Mngeta, Mlimba na Lupiro kuja Ifakara zina umri mkubwa. Hata zile za mwisho, Series III, ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Tangu hapo kila moja imepita mikono ya mafundi wengi, ikawekewa injini ya gari jingine, difu ya jingine, na ekseli iliyonunuliwa kwa kukadiria kwa macho. Kwa hiyo ukienda dukani na kadi ya gari hujabeba kitu. Nenda na vipimo.

Yangu ilikata ekseli ya nyuma kushoto wakati wa masika, barabara ya kwenda Mlimba. Tope letu la bondeni lina tabia moja: tairi linazunguka bure kwenye utelezi, dereva anazidi kukanyaga mafuta, kisha tairi linashika ardhi ngumu kwa ghafla. Pigo lote linaishia kwenye ekseli. Ukiwa umepakia lumbesa, ndiyo kabisa.

Kujinasua porini

Ekseli moja ya nyuma ikikatika, difu hupeleka nguvu upande uliokatika na gari halisogei. Ingiza gia ya matairi manne. Matairi ya mbele yatakuvuta hadi kijiji cha karibu, mwendo wa taratibu. Kabla ya kuondoka, vuta nje kipande kilichokatika ili kisisagane na mwenzake, na uzibe tundu la habu lisiingie tope.

Kuvuta ekseli

Uzuri wa gari hili ni kwamba uzito wake umekaa kwenye habu na beringi, si kwenye ekseli. Huhitaji kufungua tairi.

1. Shusha mzigo, weka magogo kwenye matairi, kisha inua kidogo kwa jeki upande unaoufungua ili oili ikimbilie upande wa pili.
2. Fungua bolti sita zilizo katikati ya habu. Gonga sahani yake taratibu kwa nyundo mpaka iachie.
3. Vuta ekseli ikiwa imenyooka. Weka beseni, oili kidogo itatoka.
4. Kipande kilichobaki ndani kijaribu kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo. Kikigoma, na difu yako ni ile inayofungwa kwa mbele, vua ekseli ya pili na propela, kisha toa difu nzima. Usiache hata chembe ya chuma humo ndani.

Kupima

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Nilipompigia muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, nikamwambia nataka ekseli ya 109, alijibu kwa swali: "Meno mangapi, mzee?" Andika haya kwenye karatasi kabla hujapiga simu:

*Aina ya difu.* Lala chini uangalie. Difu ya Rover inafungwa kwa mbele, na mgongo wake ni mviringo usio na mfuniko wa bolti. Salisbury ni nyumba kubwa nzito, yenye mfuniko wa bolti kwa nyuma. 109 nyingi za Series III zilikuja na Salisbury, lakini usiamini mwaka, amini unachokiona.

*Meno.* Safisha ncha inayoingia kwenye difu, weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, hesabu. Ekseli za Rover zina meno 10, za Salisbury 24.

*Urefu.* Unganisha vipande mahali vilipokatikia mpaka vishikane vizuri, vilaze kwenye ubao ulionyooka, pima ncha hadi ncha kwa milimita.

*Upande.* Difu imesogea kulia, hivyo ekseli ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Usipime ya kulia ukaagiza ya kushoto.

*Unene.* Tumia venia, pima kwenye meno na pia katikati ya fimbo.

Kisha kagua ekseli nzima iliyobaki. Weka rula kando ya meno yake. Kama yamejipinda hata kidogo, nayo iko njiani kukatika; agiza zote mbili.

Kurudisha

Pangusa ndani ya habu, weka gasketi mpya, paka oili kwenye meno. Ingiza ekseli ukiibeba, usiiburuze. Ikifika kwenye difu, zungusha sahani kidogo kidogo mpaka meno yaingie yenyewe. Ikikataa, rudi kwenye vipimo vyako. Nyundo haina kazi hapa. Kaza bolti kwa kupishana.

Mwaga oili ya zamani. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kwa gari linalovuka mabwawa ya Kilombero, mara nyingi chanzo ni kipumulio kilicho juu ya nyumba ya ekseli kuziba kwa tope. Kisafishe, kisha jaza oili ya gia namba 90 mpaka ifike usawa wa tundu la kujazia.

Kuhusu kuchomelea

Utaambiwa ekseli inaweza kuchomelewa, au kuchongwa upya kutoka nondo la kawaida. Kataa yote mawili. Chuma cha ekseli hupitishwa kwenye moto maalumu kiwandani ili kiwe kigumu na bado kivumilie kujipinda. Moto wa kuchomelea unauharibu ugumu huo, na nondo la kawaida halijawahi kuwa nao. Ekseli ya namna hiyo itakatika tena, na haitachagua pa kukatikia.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye 109, usitume hela kabla hujatuma picha ya meno na vipimo vyote. Na ile ekseli ya zamani ambayo bado ni nzima, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake grisi, ifunge kwenye gunia, uiweke nyuma ya kiti. Masika yanarudi kila mwaka.