Kuunda Kigari cha Kuserereka Nyumbani: Mradi wa Mwalimu Mzazi na Watoto

UTANGULIZI

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, vyuo vyetu vya ualimu vimehimiza kufundisha kwa vitendo. Hata hivyo, aghalabu vitendo hivyo huwa vya mwalimu peke yake. Mwalimu huchanganya dawa na kufunga nyaya. Wanafunzi hunakili mchoro uliokwisha kukamilika. Nyumbani mambo hayako mbali na hayo: mzazi mwenye ujuzi huunda, na mtoto hushika tochi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mradi mmoja unaoweza kurekebisha kasoro hiyo, yaani kuunda kigari cha kuserereka chenye injini. Kigari hiki kina gurudumu moja la baiskeli mbele, na magurudumu mawili madogo nyuma yaliyovikwa vipande vya bomba la plastiki. Kwa kuwa plastiki haishiki ardhi kama mpira, sehemu ya nyuma huserereka katika kona, na hapo ndipo penye raha yake. Mchezo huu una jadi yake. Mwaka 1969 kampuni ya Marx ya Marekani ilitoa kibaiskeli cha plastiki cha watoto kilichoitwa Big Wheel, ambacho magurudumu yake ya nyuma yaliteleza. Baadaye vijana, hasa wa New Zealand na Australia, walipenda kuunda vigari vya chuma vya namna hiyo na kuteremkia milimani. Wengine waliongeza injini.

Watoto wetu hawahitaji kufundishwa hamu ya kuunda. Magari ya waya na vigari vya mbao vyenye beringi kuukuu vinajulikana kila mtaa. Na kule Goma watu wazima husafirisha viazi na makaa kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Kinachohitajika ni mwalimu ajuaye kuigeuza hamu hiyo kuwa elimu bila kuizima, na bila kumvunja mtoto mguu. Hatari hizo mbili tuziweke mbele yetu tangu mwanzo, kwani kuikimbia moja bila hadhari ni kuangukia nyingine. Mzazi akifanya yote, mtoto atabaki mtazamaji. Akimwachia mtoto yote, ataumia.

Tutafuata hatua nne zilizoelezwa na William Heard Kilpatrick mwaka 1918 katika maandishi yake juu ya mbinu ya mradi: kukusudia, kupanga, kutenda na kupima.

KUKUSUDIA

Mradi ni wa mtoto pale tu ambapo kusudi ni lake. Kwa hiyo mzazi asianze kwa kununua injini. Aanze kwa maswali: kigari kitaendeshwa wapi? Na nani? Kwa kasi gani? Majibu yaandikwe katika daftari moja la mradi, nalo litunzwe na watoto wenyewe. Mfano mdogo utaonyesha tofauti ya njia mbili za kujibu:

Mtoto: Mama, sproketi ya nyuma iwe ya meno mangapi?
Jibu la kwanza: Sitini.
Jibu la pili: Kwani tunataka kiende kasi gani, mwanangu?

Jibu la kwanza ni sahihi pengine, lakini limelifunga somo. Jibu la pili limelifungua.

Tunapendekeza mradi huu kwa watoto wa umri wa miaka 10 hadi 15. Wasichana washiriki katika kila kazi, wala wasiachiwe kupaka rangi tu.

KUPANGA

Hatua hii ndiyo yenye utajiri mwingi zaidi wa masomo, na haihitaji chuma hata kipande kimoja.

(a) Hesabu ya kasi. Injini nyingi ndogo za pampu za maji zina gavana inayozuia mwendo usizidi mizunguko karibu 3,600 kwa dakika. Tuchukue kwamba gurudumu la nyuma, pamoja na plastiki yake, lina kipenyo cha sentimeta 28. Mzingo wake ni sentimeta 88 hivi. Sproketi ya injini ikiwa na meno 10 na ya ekseli meno 60, ekseli itazunguka mara 600 kwa dakika. Kigari kitakwenda meta 528 kwa dakika, yaani karibu kilometa 32 kwa saa. Kwa mtoto hiyo ni kasi kubwa mno.

Watoto waambiwe watafute uwiano utakaoleta kilometa 20 kwa saa. Watapata 9.5 kwa 1, na mara moja watasema: tununue sproketi ya meno 95. Mwalimu asiwapinge. Awape mnyororo ambao umbali kati ya pini zake ni milimeta 9.5, awaombe wakate duara la boksi la ukubwa unaotakiwa. Watagundua kwamba duara hilo lina kipenyo cha sentimeta 29 hivi, yaani ni kubwa kuliko gurudumu lenyewe, na lingekwaruza ardhi! Hesabu ni sahihi, lakini kitu hakiwezekani. Hili ni fundisho ambalo kitabu cha hesabu hakilitoi kwa urahisi.

Suluhisho ni mhimili wa kati. Kutoka injini hadi mhimili huo, meno 10 kwa 30. Kutoka mhimili hadi ekseli, meno 10 kwa 32. Tatu mara 3.2 ni 9.6, na kasi itakuwa chini kidogo ya kilometa 20 kwa saa.

(b) Msuguano. Mtoto achukue tofali, afunge chini yake kipande cha tairi, kisha alikokote juu ya sakafu ya saruji kwa mizani ya springi. Agawanye nguvu ya kuvuta kwa uzito wa mzigo. Halafu arudie kwa kipande cha bomba la plastiki. Mpira mkavu aghalabu hutoa uwiano wa 0.7 au zaidi. Plastiki hutoa pungufu sana. Tuseme 0.3 kwa ajili ya mfano wetu, ila kila nyumba itumie kipimo chake yenyewe.

(c) Kupinduka. Chombo chenye gurudumu moja mbele hupinduka kwa urahisi, kama ajuavyo kila aliyepanda bajaji iliyokata kona kwa haraka. Tuseme magurudumu ya nyuma yameachana sentimeta 70, na kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ni sentimeta 120. Kitovu cha uzito wa kigari na dereva kiwe sentimeta 30 mbele ya ekseli na sentimeta 40 juu ya ardhi. Mahali hapo nusu ya upana wa kusimamia ni sentimeta 26 tu, wala si 35, kwa sababu umbo la chini ni pembetatu. Gawanya 26 kwa 40, utapata 0.65.

Sasa tulinganishe. Magurudumu ya nyuma yakiwa ya mpira wenye 0.7, kigari kitapinduka kabla ya kuteleza. Yakiwa na plastiki yenye 0.3, kitateleza kabla ya kupinduka. Hivyo plastiki si ya raha tu; ndiyo inayomlinda dereva. Lakini ulinzi huo hufaa juu ya ardhi laini peke yake. Kigari kinachoserereka ubavu kikikumba jiwe au ukingo wa saruji, kitapinduka mara moja. Watoto wakilielewa jambo hili wao wenyewe watafagia uwanja bila kuamrishwa.

KUTENDA

Vifaa vikubwa ni hivi: mabomba ya chuma ya kipenyo cha inchi moja na robo, foki na gurudumu la baiskeli ya mtoto lenye breki, ekseli ya chuma na beringi zake, magurudumu mawili ya toroli la ghala, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, klachi ya kujishika yenyewe injini inapoongeza mwendo, na injini ndogo ya pampu. Tairi za nyuma hutolewa upepo, huingizwa ndani ya vipande vya bomba la plastiki, kisha hujazwa upepo mpaka zikabane. Magurudumu yote mawili hukazwa katika ekseli ili yazunguke pamoja. Mwulizeni mtoto: katika kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, je, itakuwaje ikiwa yanazunguka sawasawa? Atajibu kwamba moja lazima liteleze, na ataelewa kwa nini gari la abiria linahitaji difu.

Mgawanyo wa kazi uwe dhahiri, tena uandikwe ukutani:

Kazi za watoto: kupima na kuchora, kukata boksi la mfano, kuweka alama juu ya chuma, kupiga msasa, kukaza nati, kukagua mnyororo, kupaka rangi, kuandika daftari.

Kazi za mtu mzima: kuchomelea, kukata kwa mashine, kutia petroli, kuwasha injini mara ya kwanza.

Kazi ya kuchomelea apewe fundi ajuaye, na watoto wakae mbali bila kuitazama cheche. Mabomba yawe meusi, yasiwe yale yaliyopakwa zinki, kwa kuwa moshi wa zinki humletea mchomeleaji homa. Injini isiwashwe ndani ya chumba au banda lililofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Minyororo yote miwili ifunikwe kwa bati kabla ya kujaribiwa. Mnyororo hauchagui kidole.

KUPIMA

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tunashauri kanuni moja isiyovunjwa: injini haifungwi mpaka breki zifaulu, na wanaotoa hukumu hiyo ni watoto kwa vipimo vyao wenyewe.

Kigari kiundwe kwanza bila injini, kikiwa na breki mbili zisizotegemeana: moja ya mbele ya mkono, na nyingine ya diski katika ekseli. Kwa nini mbili? Watoto wapime uzito kwa mizani chini ya kila gurudumu, dereva akiwa kitini. Katika mfano wetu watakuta kwamba gurudumu la mbele limebeba karibu robo ya uzito tu. Mpira wake unashika, lakini mzigo ni mdogo. Ya nyuma yamebeba robo tatu, lakini juu ya plastiki inayoteleza. Hakuna breki moja inayotosha.

Kisha wachague mteremko mpole, usio na magari, wenye uwanda mrefu mwishoni. Wachore mistari miwili ya chaki iliyoachana meta 10. Kigari kikivuka nafasi hiyo kwa sekunde 3.6, mwendo ni kilometa 10 kwa saa. Kwa sekunde 1.8, ni kilometa 20. Dereva afunge breki kwenye mstari wa pili, na wenzake wapime mahali kiliposimama. Jedwali lao litaonyesha kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama haiongezeki mara mbili bali mara nne hivi. Kanuni hii hukaririwa shuleni; hapa mtoto ameitembea kwa futi kamba mkononi.

Kipimo cha kufaulu kiwe hiki: kutoka kilometa 20 kwa saa, breki zote mbili zikisimamishe kigari ndani ya meta 6, na kila moja peke yake ndani ya meta 10, mara tano mfululizo. Ikumbukwe pia kwamba mtu huchukua muda kabla ya kutenda. Kwa mwendo huo sekunde moja ya kushtuka ni meta 5.6. Kwa hiyo mbele ya kigari paachwe wazi si chini ya meta 20.

Breki zikishindwa, mzazi asiseme kwamba inatosha kwa leo. Ni hapa mradi unapojaribiwa kwa kweli. Injini imekwisha kununuliwa, majirani wamekusanyika, na watoto wana hamu kubwa. Lakini namba za daftari zinasema hapana. Mtoto anayeruhusiwa kuisema hapana hiyo mbele ya mzazi wake, na akatiiwa, amejifunza maana ya sayansi kuliko aliyejibu maswali mia. Na mzazi anayeipuuza amefundisha kwamba vipimo ni pambo la daftari.

Breki zikifaulu, injini ifungwe pamoja na swichi ya kuzimia iliyo karibu na kidole gumba. Gavana isiguswe. Dereva avae kofia ngumu, glavu, viatu na suruali ndefu, aendeshe katika uwanja uliofungwa, kamwe si barabarani. Watoto wadogo waendelee kuteremka bila injini, nayo ndiyo asili ya mchezo wenyewe.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kigari kimoja kinabeba uwiano, mzingo, msuguano, kitovu cha uzito na kanuni za mwendo. Lakini faida yake kubwa ni mgawanyo wa madaraka: mtu mzima ashike moto na petroli, mtoto ashike kipimo na uamuzi. Asiyeweza kupata injini hajakosa mradi. Hatua zote za masomo zilizotajwa, isipokuwa ile ya kasi ya injini, hukamilika katika mteremko.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Kwa uwiano wa 9.6 kwa 1, kasi itakuwa gani ikiwa kipenyo cha gurudumu ni sentimeta 25?
2. Kiti kikiinuliwa ili kitovu cha uzito kiwe sentimeta 60 kutoka ardhini, je, plastiki yenye 0.3 bado itamlinda dereva? Onyesha hesabu.
3. Taja somo moja la darasani kwako ambamo mwalimu hufanya kazi iliyostahili kufanywa na mwanafunzi. Ungeligawaje upya?